Kudai Makato ya Benki Uingereza Ukiwa Umebanwa na Maisha: Mwongozo Kamili

Mtu anayefanya kazi Uingereza na kulipwa tarehe 28 anaijua hesabu hii. Mshahara unaingia usiku, na kabla hujaamka ovadrafti, ile ruhusa ya kutumia pesa kupita salio lako, imeshaumeza nusu. Kodi ya nyumba inakatwa tarehe 1, kodi ya kaunsili tarehe 5. Nyumbani wanasubiri ada ya shule, na kundi la WhatsApp limeshatangaza mchango wa msiba. Ikifika tarehe 12 salio liko chini ya sifuri, na kila siku unayokaa huko benki inachukua chake. Ukiishi hivyo mwaka mmoja, miwili, mitatu, kuna uwezekano mkubwa kwamba sehemu ya makato hayo unaweza kuirudisha. Hapa chini ni namna ya kuidai mwenyewe, bila wakili na bila kulipa mtu.

Hoja iliyokufa na hoja iliyo hai

Ukitafuta mtandaoni utakutana na barua za kunakili za mwaka 2006 na 2007. Zinasema gharama halisi ya benki kurudisha malipo yaliyokosa salio ni ndogo mno, kwa hiyo kumtoza mteja pauni 30 na kitu ni adhabu isiyo halali. Enzi zile barua hizo zilifanya kazi, na watu walirudishiwa maelfu. Kisha Ofisi ya Biashara ya Haki (OFT) ikapelekana mahakamani na taasisi nane, zikiwemo Barclays, HSBC, Lloyds TSB na Abbey National. Tarehe 25 Novemba 2009 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba makato hayo ni sehemu ya bei ya huduma ya akaunti, kwa hiyo OFT haikuwa na uwezo wa kupima kama bei hiyo inalingana na huduma. Hoja hiyo ikafia hapo. Mtu akikutumia barua ya namna hiyo leo, mshukuru na uifute.

Iliyobaki hai ni hoja nyingine kabisa, na kwangu mimi ina nguvu zaidi: benki ilijua, au ilipaswa kujua, kwamba umeshindwa, na badala ya kukusaidia ikaendelea kukutoza. Kanuni za FCA, mamlaka inayosimamia benki, zinaitaka benki imtendee kwa haki mteja aliye kwenye shida ya fedha. Tangu Desemba 2019 zinaitaka pia iwe na utaratibu wa kuwatambua wateja wanaorudi kwenye ovadrafti mara kwa mara na kuonyesha dalili za kuzidiwa, kisha iwafuate na kuwapa msaada. Tarehe 31 Julai 2023 ikaongezwa kanuni ya Consumer Duty, inayoitaka benki iwaepushe wateja na madhara inayoweza kuyaona mapema. Hapa hubishani kuhusu ukubwa wa ada. Unaonyesha tu kwamba haikupaswa kutozwa kwako, wakati ule.

FCA yenyewe ilipochunguza ovadrafti iligundua kuwa mwaka 2016 zaidi ya nusu ya ada za ovadrafti zisizo za makubaliano, yaani za kuzidi salio au ukomo bila ruhusa ya benki, zililipwa na asilimia 1.5 tu ya wateja. Kwa maneno mengine, waliokuwa hawana kitu ndio waliokuwa wakiilisha benki. Ndiyo sababu tarehe 6 Aprili 2020 ada za siku na za mwezi kwenye ovadrafti zilipigwa marufuku, na benki ikatakiwa kutoza riba moja ya mwaka inayoeleweka. Matokeo yake mengine hayakuwa matamu: benki nyingi kubwa zilipandisha riba hiyo hadi karibu asilimia 40.

Kwanza hamisha mshahara

Kabla ya kuandika barua yoyote, fungua akaunti nyingine. Madai yanaweza kuchukua miezi, na huwezi kupigana na benki ambayo kila tarehe 28 inashika mshahara wako kabla yako.

Omba akaunti ya msingi, ile isiyo na ovadrafti. Benki kubwa zote zinatakiwa kuwa nayo, haina ada ya mwezi, wala hutozwi malipo yakigonga mwamba kwa kukosa salio. Rekodi mbaya ya mikopo peke yake haipaswi kukuzuia kuipata. Ila chagua benki isiyo ya ukoo mmoja na ile ya zamani. Lloyds, Halifax na Bank of Scotland ni nyumba moja. NatWest na Royal Bank of Scotland ni nyumba moja. HSBC na First Direct vilevile. Sheria inairuhusu benki kuchukua pesa kwenye akaunti yako moja kulipa deni la akaunti nyingine, kwa hiyo ukihamia kwa mdogo wake hujahama.

Usitumie ile huduma ya kuhama benki inayohamisha kila kitu ndani ya siku 7 za kazi. Huduma hiyo hufunga akaunti ya zamani, na akaunti yenye ovadrafti haifungwi mpaka deni lipatiwe pa kwenda. Wewe fungua mpya, mpe mwajiri namba mpya, halafu hamisha dairekti debiti (malipo uliyoruhusu yakatwe yenyewe kwenye akaunti) moja moja: nyumba, kaunsili, umeme, simu. Akaunti ya zamani iache na deni lake.

Kuna aina nyingine ya makato ambayo watu huisahau: kampuni za mikopo ya haraka na baadhi ya jimu huchukua pesa kupitia namba ya kadi yako, siyo dairekti debiti. Hayo pia unayo haki ya kuyasimamisha kwa kuiambia benki moja kwa moja. Karani wa simu akikwambia mpaka uzungumze na kampuni kwanza, mwambie kwa upole kwamba hiyo siyo kanuni, na umwombe aandike kwenye faili kwamba umetoa agizo leo.

Je, hali yako inahesabika?

Ada moja iliyokuangukia kwa sababu ulisahau tarehe haihitaji mwongozo huu. Piga simu, eleza kwamba ni mara ya kwanza, omba wakurudishie kwa hisani. Mara nyingi hukubali.

Shida ya kifedha kwa maana ya madai haya ni kitu kinachoonekana kwenye karatasi kwa miezi mingi. Akaunti haipandi juu ya sifuri, au ikipanda inashuka ndani ya siku mbili. Unagusa ukomo wa ovadrafti kila mwezi. Dairekti debiti zinarudishwa. Mikopo ya haraka inaingia na kutoka, mkopo mmoja unalipa mwingine. Mshahara umepungua au umekoma na badala yake inaonekana Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Kuna malipo kwa kampuni za kukusanya madeni. Kuna kubeti kusiko na kikomo. Hili watu huona aibu kulitaja, lakini ni miongoni mwa dalili ambazo benki inatakiwa kuziona, hivyo kulificha ni kuutupa ushahidi wako mwenyewe.

Hukuwahi kuiambia benki? Siyo mwisho wa safari. Kama uliwaambia hoja yako ni nyepesi zaidi: tarehe ya simu ile ndiyo mwanzo wa madai. Kama hukusema, unategemea kile walichokuwa wakikiona. Na benki inaona kila kitu, maana stetimenti ni yake. Kwa kawaida hupitia upya ovadrafti ya mteja angalau mara moja kwa mwaka. Kila mapitio ambayo yangeonyesha mtu anazama, na bado ovadrafti ikaachwa au ikaongezwa, ni msumari unaoupigilia wewe.

Usiogope kuhusu viza. Malalamiko dhidi ya benki hayaendi Home Office, wizara inayoshughulikia viza.

Stetimenti za miaka sita

Kwa kawaida unaweza kudai yaliyotokea ndani ya miaka 6 iliyopita. Yakiwa ya zamani zaidi, bado upo mlango wa pili: miaka 3 tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, kwamba una sababu ya kulalamika. Mlango huo ni mwembamba, lakini aliyetozwa kwa miaka mingi akiamini ndivyo dunia ilivyo ana haki ya kuujaribu.

Programu ya simu mara nyingi haikupi historia yote. Ikikatikia njiani, iandikie benki ukidai nakala ya taarifa zako binafsi kwa mujibu wa sheria ya ulinzi wa data. Ni bure, na wana mwezi mmoja kukujibu. Usiombe stetimenti peke yake. Omba na kumbukumbu za simu ulizopiga, maandishi ya wahudumu kwenye faili lako, na rekodi za kila mara ovadrafti ilipopitiwa au kuongezwa. Humo ndimo unamoweza kukuta mstari kama "mteja amepoteza kazi, ameomba muda", ulioandikwa na mhudumu miaka mitatu nyuma kisha ukasahaulika. Mstari mmoja wa hivyo unashinda kurasa tano za malalamiko.

Stetimenti zikifika, kaa na kalamu ya rangi. Andika jedwali la safu nne: tarehe, jina la makato kama lilivyochapwa, kiasi, na hali ya akaunti siku hiyo. Majina hubadilika benki hadi benki: riba ya ovadrafti, ada ya malipo yaliyorudishwa, ada ya siku kwa miaka ya nyuma. Yachukue yote.

Chukua mfano wa mtu anayekaa kwenye ukomo wa pauni 1,500 kwa riba ya asilimia 39.9. Mwezi mzima ukiisha, riba inakaribia pauni 42. Mwanzoni inaonekana kama pesa ya chakula cha wiki tu. Kwa mwaka inapita pauni 500, na deni lenyewe la pauni 1,500 liko palepale, halijapungua hata peni moja. Akikaa hivyo miaka mitatu ameshalipa kiasi cha deni lote kwa riba peke yake, na bado analidaiwa lote. Hesabu ya namna hiyo, ikiandikwa kwa tarakimu zako halisi, iweke juu kabisa ya jedwali.

Bajeti, pamoja na pesa za nyumbani

Benki itataka kuona mapato na matumizi. Shirika la kutoa ushauri wa madeni kama StepChange litakusaidia kuijaza bajeti hiyo bure, na mashirika hayo yana fomu ya pamoja ambayo wadai wengi wanaikubali.

Kwetu sisi tatizo huwa ni mstari mmoja: pesa za kutuma nyumbani. Wengine huzificha wakidhani zitawaharibia. Lakini stetimenti inaonyesha malipo kwa kampuni za kutuma pesa kila mwezi, na anayesoma ataona pengo kati ya bajeti na ukweli, kisha atalitilia shaka na lile la kweli. Ziandike kama zilivyo, na uzieleze kwa sentensi moja: dawa za mama, ada za wadogo zako, kiasi fulani kila mwezi. Michango ya harusi iweke mbali na hiyo. Ukitenganisha wajibu wa kila mwezi na mambo ya shughuli, hata mtu asiyejua maisha yetu anaelewa kwamba hukuwa ukitapanya.

Barua yenyewe

Itume kwa barua pepe au kupitia ukurasa wa malalamiko wa benki ili ubaki na ushahidi wa tarehe. Iwe kwa Kiingereza chepesi. Cha kisheria hakikuongezei kitu. Maneno mawili yasikosekane kama yalivyo: "formal complaint" juu kabisa, na "financial difficulty" ndani. La kwanza linaanzisha saa ya benki kuhesabika, la pili linailazimisha kuangalia kanuni husika.

Kiini cha barua, ambacho utakiweka kwa Kiingereza, kinaweza kuwa hivi:

"Haya ni malalamiko rasmi kuhusu akaunti yangu namba fulani. Nimekuwa kwenye shida ya kifedha tangu Machi 2022, nilipopunguziwa saa za kazi. Tangu wakati huo akaunti yangu haijawahi kukaa nje ya ovadrafti zaidi ya siku mbili mfululizo. Mshahara huingia tarehe 28, na kufikia tarehe 3 huwa nimerudi kwenye ukomo. Kati ya Juni na Oktoba 2022 nilichukua mikopo mitatu ya haraka, na dairekti debiti zilirudishwa mara saba. Yote yanaonekana kwenye stetimenti zenu. Pamoja na hayo, Februari 2023 mliniongezea ukomo kutoka pauni 1,000 hadi 1,500.

Naamini mlikuwa na taarifa za kutosha kuona kwamba nisingeweza kulipa deni hili ndani ya muda unaofaa, na mlipaswa kunisaidia badala ya kuendelea kunitoza. Naomba mrudishe riba na ada zote tangu Oktoba 2022, kama zilivyo kwenye jedwali nililoambatanisha, pamoja na fidia ya riba. Naomba msimamishe riba kuanzia leo, mkubali nilipe deni litakalobaki kwa pauni 40 kwa mwezi kulingana na bajeti yangu, na muondoe alama mbaya mlizoweka kwenye rekodi yangu ya mikopo kwa kipindi hicho. Tusipoelewana, nitalipeleka suala hili kwa Financial Ombudsman Service."

Angalia tarehe zilivyokaa. Shida ilianza Machi, lakini madai yanaanzia Oktoba. Hilo nimelifanya makusudi. Benki haiwezi kulaumiwa kwa mwezi wa kwanza wa matatizo yako. Inalaumiwa kuanzia pale dalili zilipokuwa zimeshajaa mezani. Anayedai kila peni tangu alipofungua akaunti huonekana anabahatisha. Anayetaja mwezi na kuonyesha kwa nini mwezi huo, ni vigumu kumkwepa.

Usiandike matusi, na usisimulie maisha yako yote. Kama kulikuwa na ugonjwa, kufiwa au talaka, sentensi moja na nakala ya karatasi moja vinatosha. Akaunti ikiwa ya pamoja, ni vizuri wote wawili mtie saini.

Wiki nane

Benki ina wiki 8 za kukupa jibu la mwisho. Katika siku za mwanzo anaweza kukupigia mtu mchangamfu sana, akuulize kama pauni 60 zitakutosha. Ukisema ndiyo kwenye simu, unaletewa ujumbe kwamba suala limemalizika kwa maridhiano. Jibu sahihi ni fupi: niandikie pendekezo hilo, nitalisoma. Na hata kama ujumbe huo umeshatumwa, bado una haki ya kwenda kwa Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya fedha.

Pendekezo la maandishi likija, lisome uone kama linasema ni "malipo kamili na ya mwisho". Ukilikubali hilo, mlango umefungwa. Kama benki inakiri sehemu tu ya kipindi, unaweza kujibu kwamba unakubali msingi wake lakini hukubaliani na tarehe, na ueleze kwa nini. Wengine huongeza, wengine hukataa. Ukikataliwa usikate tamaa, maana benki nyingi hukataa duru ya kwanza kwa barua inayofanana na zote walizotuma wiki hiyo.

Wakati huu endelea kulipa kile unachoweza kwenye deni la zamani, hata kama ni kidogo. Kulalamika hakusimamishi deni, na ukiacha kabisa rekodi yako ya mikopo itaumia kwa sababu isiyohusiana na madai yako.

Kwa Ombudsman

Ukipata jibu la mwisho usiloliridhia, una miezi 6 kamili tangu tarehe ya barua hiyo. Miezi 6 na siku moja ni umechelewa, isipokuwa kwa sababu nzito sana. Wiki 8 zikipita bila jibu lolote, huhitaji kusubiri tena, nenda.

Financial Ombudsman Service ni chombo huru, na kwa mteja ni bure. Namba yao ni 0800 023 4567, na fomu iko kwenye tovuti yao. Kama Kiingereza kinakusumbua, waambie mwanzoni kabisa, watapanga mkalimani. Usimtumie mtoto wako kutafsiri habari za madeni yako, haimpendezi yeye wala wewe.

Watakachotaka ni vilevile ulivyokwisha kuandaa: jedwali, stetimenti, bajeti, barua ulizoandikiana na benki. Kwanza mpelelezi wao atasoma pande zote na kutoa maoni. Pande zote zikikubali, imeisha. Asiyekubali anaweza kuomba ombudsman mwenyewe aamue, na uamuzi wake ukiukubali wewe, benki inafungwa nao, haina hiari. Wewe ukiukataa, haukufungi, na mahakama bado ipo. Binafsi sioni faida ya kukimbilia mahakamani kwanza: kuna ada ya kufungua shauri, na kivuli cha hukumu ya 2009 kiko pale.

Kesi hizi huchukua miezi. Mpelelezi akikuuliza jambo, jibu ndani ya siku alizokupa hata kama jibu ni "sina karatasi hiyo".

Pesa ikirudi

Ukishinda, riba na ada hurudishwa kuanzia tarehe ambayo benki ilipaswa kuona tatizo. Kama bado unadaiwa, kiasi hicho hupunguza deni kwanza. Usitegemee kukiona mkononi. Kikizidi deni, kinachobaki ni chako, na juu yake huongezwa riba ya fidia, ambayo kwa miaka mingi, hadi 2025, ilikuwa asilimia 8 kwa mwaka. Kwenye riba hiyo benki inaweza kukata kodi ya asilimia 20. Mlipa kodi wa ngazi ya kawaida anaruhusiwa kupata riba hadi pauni 1,000 kwa mwaka bila kodi, kwa hiyo wengi wanaweza kuidai kodi hiyo HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kwa fomu R40.

Kama unapokea Universal Credit, kumbuka akiba ikizidi pauni 6,000 malipo huanza kupungua. Ni wachache watakaofika huko kwa madai haya peke yake.

Wanaotaka asilimia

Utaona matangazo ya kampuni zinazodai kwa niaba yako, na kwenye jumuiya zetu kuna "mtaalamu" wa hapa na pale anayefanya hivyo kwa WhatsApp. Kampuni zilizosajiliwa FCA zina ukomo wa ada tangu Machi 2022: kwa malipo yasiyofika pauni 1,500, asilimia 30 na isizidi pauni 420. Lakini fikiria jambo moja. Ukirudishiwa pauni 1,000 na zote zikaenda kulipa deni la ovadrafti, kampuni bado inataka pauni 300 zake taslimu, kutoka kwenye mfuko ambao hauna kitu. Huyo wa WhatsApp asiye na usajili usimpe kabisa nywila, wala nakala ya pasipoti. Hakuna anachokifanya ambacho hukukisoma hapo juu.

Aliyerudi nyumbani, na aliye Scotland

Kuondoka Uingereza hakufuti haki hii. Kama akaunti ilikuwa ya benki ya Uingereza unaweza kuandika ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, kudai taarifa zako na kwenda kwa Ombudsman. Kinachokukimbia ni ile miaka 6. Hakikisha benki ina anuani na barua pepe unayoisoma, maana saa ya miezi 6 huanza kwenye barua, hata ikitumwa kwenye nyumba uliyohama.

Ombudsman ni yuleyule Uingereza yote, Scotland na Ireland ya Kaskazini zikiwemo. Kinachotofautiana ni mambo ya mahakama na mipango ya madeni.

Deni likikuzidi ukiwa unasubiri

Kwa England na Wales kuna mpango wa serikali uitwao Breathing Space, ulioanza tarehe 4 Mei 2021. Kwa siku 60 wadai wengi wanatakiwa kusimamisha riba, ada na usumbufu wa kukudai, benki yako ikiwemo. Huwezi kuomba mwenyewe. Lazima upitie kwa mshauri wa madeni anayetambuliwa, na huupati tena kabla ya miezi 12 kupita. Mshauri ni bure: StepChange wako 0800 138 1111, National Debtline 0808 808 4000, na Citizens Advice wana ofisi karibu kila mji. Scotland ina utaratibu wake wenye muda mrefu zaidi.

Ukiupata, mwambie mshauri kwamba una malalamiko yanayoendelea dhidi ya benki na umpe tarehe zake zote. Siku 60 hizo hazisimamishi ile miezi 6 ya kwenda kwa Ombudsman.